Kwa maafisa lishe wapya mnaokuja Iringa na Njombe

Karibuni Nyanda za Juu Kusini. Kitakachowachanganya mapema ni maghala. Mahindi yapo, maharage yapo, parachichi zinapakiwa kwenda Ulaya, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, wa asilimia 57 kwa watoto chini ya miaka 5, Njombe 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Kwa hiyo msiende kijijini kuhubiri njaa. Mtachekwa.

Tena msing'ang'anie urefu. Mzazi atawaambia ukoo wao ni wafupi, mazungumzo yataishia hapo. Ongeeni ubongo, kila mzazi anataka mtoto anayeshika masomo. Tangu mimba itungwe hadi mtoto afikishe miaka 2 ubongo hukua kwa kasi isiyojirudia, na unatumia kile utumbo ulichofyonza, si kila kilichoingia mdomoni.

Basi angalieni jikoni. Baridi ya huku inafanya kuku walale ndani, na mtoto anatambaa humo humo. Akimeza vijidudu vya kinyesi kila siku, hata asipoharisha, vinyweleo vya utumbo mwembamba husinyaa, chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, na kinga ya mwili inapambana mfululizo ikitumia virutubishi ambavyo vingemkuza. Hata hivyo msiahidi miujiza ya sabuni. Majaribio makubwa ya Kenya, Bangladesh na Zimbabwe yalionyesha kuwa vyoo na kunawa mikono peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Waliopewa virutubishi vya nyongeza ndio waliosogea, tena kidogo. Mimi bado nawatoa kuku jikoni, kwa sababu kuhara nako kuna gharama yake.

Jingine ni chai. Tunailima, tunainywa, na mtoto wa mwaka mmoja anapewa ya rangi pamoja na kiazi. Chai ikinywewa na mlo huzuia madini chuma kufyonzwa, na ubongo unaokua unayahitaji sana madini hayo. Dagaa wa kusagwa kwenye maharage yaliyopondwa, na tunda pembeni, vinamfaa zaidi.

Halafu kuna suala la muda, ambalo chuoni hatukufundishwa vya kutosha. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto yuko kwa bibi na chupa ya uji. Ombeni kijiko, chota, inamisha. Uji ukitiririka kama maji, mtoto anashiba maji. Msimkaripie bibi, msalimieni, "Kamwene, bibi," mkae, muulize jana mtoto alikula nini, mara ngapi, nani alimlisha. Yeye ndiye mpishi, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji aitwe yeye pia, si mama peke yake. Msimu wa palizi ipangeni alasiri. Asubuhi mtahutubia viti.