Kamba ya kisu na kishikizo cha funguo: mliyouliza, tunayojibu

Nilitaka kishikizo cha funguo cha sentimita 10 kwa msuko wa kobra. Nikakata mita moja ya parakodi (kamba ya nailoni yenye ganda na nyuzi ndani), ikaniishia katikati. Nikate kiasi gani?

Mita 1 na sentimita 80. Msuko wa kobra una nyuzi mbili zinazokaa katikati bila kusogea, tuziite uti, na mbili zinazouzunguka. Hizi za kuzunguka ndizo zenye ulafi: kila sentimita 1 ya msuko inameza takriban sentimita 12 ukijumlisha zote mbili. Basi 120 za kusuka, 20 za uti, 6 hivi za kitanzi cha pete. Hiyo ni mita moja na nusu kasoro kidogo. Zinazobaki ni za kushikia. Ncha ikifupika sana vidole havina pa kukamata, na mafundo ya mwisho ndiyo yanayolegea.

Wengi hudhani kamba nyembamba itakula kidogo. Kila fundo linakula kidogo kweli, ila nalo ni fupi, kwa hiyo unafunga mengi zaidi na hesabu inarudi pale pale. Kinachoivuruga ni mkono: anayekaza sana anabananisha mafundo na kumaliza kamba mapema. Kwa msuko wowote usioujua, suka sentimita 2, fumua, pima kilicholiwa, halafu zidisha.

Msuko wangu unajipinda kama ngazi ya mnara. Nakosea wapi?

Unaanzia upande ule ule kila mara. Ukianza kushoto, fundo linalofuata lianze kulia, kisha kushoto tena. Ukipitiwa mara moja tu utaona kombo dogo. Ukiendelea hivyo, msuko wote unazunguka. (Wapo wanaoupenda hivyo, na kwa funguo unapendeza.)

Kuna njia ya kutohesabu. Kati ya nyuzi mbili zinazozunguka, ifunge moja tepu nchani. Yenye tepu ipite mbele ya uti daima, iwe imetokea kushoto au kulia. Isiyo na tepu ipite nyuma, kisha itokeze kwenye kitanzi cha mwenzake. Ukiamka kwenda kupokea simu na kurudi, tafuta tepu ilipo: hapo ndipo pa kuanzia.

Fundo la almasi, lile la duara lenye kitanzi upande mmoja na ncha mbili upande wa pili, linakaa upande, na kitanzi kinabaki na mguu mmoja mrefu.

Umevuta ncha mapema. Kabla ya kukaza, lilaze mezani ulikague. Kitanzi kitoke upande mmoja. Ncha zote mbili zitoke upande wa pili, zikiwa zimepita kwenye tundu moja la katikati. Ncha moja ikiwa imechepuka pembeni, hata ukaze vipi haitanyooka. Fumua.

Zikiwa sawa, shika kitanzi mkono huu na ncha mkono ule, vuta taratibu mpaka fundo liwe kama kifungo kilicholegea, kisha acha. Linganisha miguu ya kitanzi sasa hivi, maana baadaye haitasogea. Chukua shazia, ile ya kushonea magunia. Anzia pale uzi mmoja unapoingia kwenye fundo kutoka kitanzini: inua mkunjo wa kwanza, usukume ulegevu kwenye mkunjo wa pili, kutoka wa pili kwenda wa tatu, hadi utokee nchani. Fanya hivyo kwa uzi wa pili. Zunguka mara tatu, kila mara ukiondoa ulegevu kidogo tu. Anayetaka kuumaliza kwa mvuto mmoja ndiye anayepata fundo lenye kibyongo.

Nachoma ncha kwa kiberiti cha gesi lakini baada ya wiki zinachanua.

Parakodi ina ganda na nyuzi za ndani, na viwili hivi huteleza kila kimoja kivyake. Ukichoma ncha ilivyokatwa, unagandisha uso tu. Sukuma ganda nyuma kidogo, kata nyuzi za ndani kama milimita 5, rudisha ganda mbele lizifunike, ndipo uchome. Tumia pembeni mwa moto, sehemu ya buluu. Ule wa manjano unaacha masizi na ncha inakuwa nyeusi. Ikianza kung'aa, bonyeza kwa mgongo wa kisu uliolowa maji. Usibonyeze kwa kidole: nailoni iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Nitajuaje kama parakodi ya sokoni ni ya kweli?

Kata ncha uhesabu. Ile iitwayo 550, unene wa milimita 4 hivi, ina nyuzi 7 ndani, na kila moja imesokotwa kwa nyuzi nyingine ndogo. Namba ni ratili inazohimili, karibu kilo 250. Ukikuta ndani manyoya tu kama pamba ya mto, itafaa kwa urembo. Hata ya kweli, fundo likishafungwa, linaweza kuipunguzia nguvu hadi nusu.

Nataka kamba ya mkononi kwenye panga, maana jasho linaliponyosha.

Kitanzi cha kubana kifundo cha mkono hatukishauri kwa panga. Likiponyoka katikati ya pigo haliendi mbali, linabembea na kukurudia kwenye goti au mkono wenyewe. Kisu kidogo hakina uzito wa kufanya hivyo.

Badala yake, kitanzi kipitie kwenye kidole gumba, kivuke mgongo wa kiganja, kisha ndipo mkono ushike mpini. Urefu uwe wa kubana kiasi tu wakati umeshika. Ukiachia vidole, kitanzi kinatoka chenyewe. Tatizo la jasho linapungua pia kwa kishada kifupi nyuma ya mpini, cha kuegemea kidole cha mwisho.

Lichunguze na tundu la mpini, pale kamba inapopita. Kamba iliyokunjwa mara mbili haipiti kirahisi kwenye tundu la milimita 5. Chomoa nyuzi za ndani za sehemu hiyo au panua kwa kekee. Kingo za tundu zisugue kwa msasa pande zote mbili. Kamba za mapanga hukatikia hapo mara nyingi kuliko penginepo.

Je, katani inafaa?

Kwa kishikizo cha kuning'iniza ukutani, ndiyo, na ina sura nzuri. Mkononi inakwaruza, ikikaa na unyevu inaoza, na ncha zake haziyeyuki: zitaungua. Zifunge kwa uzi. Kata uzi wa sentimita 40, ukunje kitanzi na kukilaza juu ya kamba, jicho likielekea nchani. Zungusha uzi mrefu kuanzia ndani kuelekea jicho, mizunguko 8 hadi 10 iliyobanana, pitisha mwisho wake kwenye jicho, kisha vuta ule uzi mfupi wa chini mpaka jicho lizame katikati ya mizunguko. Kata mabaki. Likizama kupita katikati na kutokea upande wa pili, yote yanafumuka.

Navua kwa ngalawa na nimeshapoteza funguo mbili baharini. Kamba ipi inaelea?

Nailoni inazama, poliesta inazama zaidi. Polipropilini, ile ya kamba nyingi za rangi za madukani, inaelea, lakini kuelea kwake hakutoshi kuzishikilia funguo juu ya maji. Isitoshe jua linaila upesi. Kinachohitajika ni chilezo. Kipande cha kandambili kuukuu kinatosha: kitoboe katikati, pitisha kamba, funga fundo nene chini na juu.

Kipime kwenye ndoo kikiwa na funguo zote na kamba iliyokwisha kulowa. Theluthi moja ibaki juu ya maji. Ikiwa inachungulia tu, ongeza kipande cha pili. Ukitumia maji ya bomba ni bora zaidi, kwa kuwa kinachoelea humo baharini kitaelea juu zaidi.