Barua kwa mwanangu aliyezuiwa na mvua mashambani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimeacha kucheka. Unasema mmepanga nyumba mashambani kwa siku kumi, leo ni ya nne, na tangu mteremshe mizigo mvua haijawaachia hata kukiona kile kilima mlichoahidiwa. Mwenzio yuko kama mtu aliyerudi kwao. Wewe unahesabu siku kwa vidole. Halafu ukaniuliza: "Baba, wewe uliyekuwa hupati usingizi bila kusikia magari, uliwezaje kumfuata mama kule kila mwaka?" Na chini kabisa, kwa maneno machache kama ya mtu anayeona haya: je, ni vibaya nikirudi mapema?

Nianze na la kwanza. Sikuweza. Wewe ulikuwa na miaka sita, unakumbuka tope na vyura, humkumbuki baba aliyekaa dirishani amevuta mdomo. Mwaka ule wa kwanza tulikaa siku saba, tano zikanyesha, na mimi kila asubuhi nilikuwa natangaza zilizobaki. "Bado nne." "Bado tatu." Sikugombana na mtu, wala sikuinua sauti. Siku ya tano mama yako alikuwa anakunja shuka, akasema bila hata kunitazama: "Mvua tungeivumilia. Wewe ndiye unayetunyeshea."

Neno lile sikulijibu, na nilikaa nalo mwaka mzima.

Nilipolifikiria vizuri niliona kwamba mvua yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Mjini inaninyeshea pia. Ila mjini mvua hukukuta ukiwa njiani: unajibanza kibarazani na watu usiowajua, mnaitazama pamoja, ikipusa kila mtu anashika njia yake. Kule hakuna njia unayokatishwa. Mvua ndiyo shughuli ya siku. Na mjini, hata ukichukizwa na wa nyumbani mwako, una pa kutokea. Unasema unakwenda kununua kitu, unazunguka mitaa miwili, unarudi umepoa. Hiyo ni starehe kubwa ya mji, na sijasikia mtu akiisifu. Kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na mvua, ukichukizwa unachukizwa mezani mbele ya wote, na mezani hapohapo unasubiri kupoa.

Kwa hiyo usijaribu kujilazimisha kuyapenda mashamba. Mtu anayeshangilia ukungu kwa adabu anajulikana tangu mbali, na anachosha kuliko anayenuna. Nilichofanya mwaka wa pili ni kujitengenezea pa kutokea. Nilikwisha kumwambia mama yako kabla hatujafunga mizigo: kila siku, inyeshe isinyeshe, saa moja ni yangu peke yangu, naitumia nje. Nilikuwa nakwenda mpaka njia panda ambako watu husimama kungoja usafiri. Sikuwa na la kufanya pale. Nilitaka tu kuona uso wa mtu asiyenijua. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, na mimi nilichookota ni hiki: mvua ya siku nzima mara nyingi si ya siku nzima. Ukiisikiliza ukiwa ndani ni moja, haina mshono. Ukiwa chini yake unaigundua ina vipindi, inamwaga, inalegea, inabaki rasharasha, inapusa robo saa, inarudi kama iliyosahau kitu.

Mambo mawili tu ya hatari, maana sisi wa mjini hatukulelewa nayo. La kwanza ni radi. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukiona mwanga anza kuhesabu, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikikufikia kabla ya sekunde 30, ingia ndani, na usitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. La pili ni maji. Tumezoea dimbwi lililotuama, tunaliruka au tunalikanyaga basi. Kijito kilichovimba ni kitu kingine. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuondoka na gari dogo. Ukikuta yamepita juu ya njia, geuka. Njia panda itakuwepo kesho.

Kuhusu viatu naongea kwa uchungu. Nilikuwa na buti za ngozi, mpya, nilizonunua kwa ajili ya safari ile ili nionekane mtu wa mashambani. Zikalowa siku ya kwanza. Usiku nikaziegesha karibu na moto, nikalala nikijisifu. Asubuhi ngozi ilikuwa ngumu kama gome la mti na soli ya kulia imefunguka mbele, ukiinua mguu inakutazama. Kumbe ngozi iliyolowa haikaushwi kwa moto. Unalegeza kamba zote, unatoa kitambaa cha ndani, unashindilia karatasi za gazeti mpaka kwenye vidole, unazibadilisha kila zikilowa, na unaviacha viatu penye hewa inayopita. Na ukitoka, usivae pamba ndani ya koti. Pamba ikilowa hugandamana na mwili na kuutia baridi, ilhali sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto.

Simu yako pia najua inakufia mchana. Mahali ambapo mtandao ni hafifu simu hupandisha nguvu ili iufikie mnara, na betri huishia huko. Ondoa mtandao kabisa, uuwashe asubuhi na jioni. Utabiri wa hewa usiutazame kila baada ya dakika kumi. Nilikuwa nafanya hivyo na redio, na sijui nilitegemea msomaji wa habari abadilishe mawazo.

Lakini mchana si kitu. Usiku ndio ulikuwa unanishinda. Umeandika kuwa giza la huko "lina uzito" na nimelicheka neno hilo kwa sababu ni sahihi. Si woga wako. Mjini wingu linarudisha chini mwanga wa taa za jiji, kwa hiyo usiku wa mawingu ni mweupe kuliko wa nyota. Mashambani ni kinyume: wingu linafunika hata ule mwanga kidogo wa nyota, na unabaki na giza ambalo mtu wa mji anaweza kuzeeka bila kulijua. Macho yanataka dakika 20 hadi 30 kulizoea vizuri, na kila unapowasha simu unayarudisha mwanzo.

Ukimya nao. Usiku wa kwanza ule mkavu nililala macho nikisikiliza damu yangu mwenyewe masikioni. Usiku wa pili mvua ikaanza kwenye bati, mshindo mmoja usiokatika, na nikalala kama mtoto mpaka kumekucha. Ilinichukua miaka mingi kutambua kilichonilaza. Ilikuwa ile sauti ya barabara kuu. Mvua ndiyo kelele pekee ya mashambani inayofanana na mji, na mimi mchana kutwa nilikuwa naiombea ikome.

Kuna mtu mmoja aliyenipatanisha na mawingu, naye alikuwa wa mjini kama sisi. Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London. Desemba 1802 aliwasomea wenzake insha iliyoyapa mawingu majina ya Kilatini, na watabiri wa hewa wanayatumia mpaka leo. Ukiyatafsiri ni majina ya nyumbani kabisa: lundo, tandiko, shungi la nywele. Nilipoyajua nikawa na la kutazama dirishani. Likiwa tandiko la kijivu kutoka pembe hadi pembe, tulia, hiyo ni ya saa nyingi na haina hasira, vaa koti utoke. Yakiwa malundo yenye mapengo ya anga katikati, ngoja, linakuja moja litamwaga kwa ghadhabu na kupita. Howard huyohuyo alipima joto miaka mingi akagundua kwamba mji hukaa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, hasa usiku. Kwa hiyo ile baridi inayokuamsha alfajiri hujaizua, na blanketi la pili uliombe bila aibu.

Sasa mkebe. Huu huenda unaukumbuka. Mwaka wa pili nilikuta nyuma ya nyumba mkebe uliosimama wima, mdomo sawa na kitako, nikauweka uwanjani mbali na miti na mbali na matone ya paa. Nikakupa rula. Asubuhi ulitoka na kaptula ya kulalia, ukalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, pua karibu iguse mkebe, ukasoma 24. Nikakurudisha. Maji hupanda kidogo yanapogusa chuma, nikakwambia, usisome ukingoni, soma katikati yalipolala. Ukasoma tena: 23. Nikakueleza kuwa milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa letu lilikuwa kama mita 60 za mraba. Tukapiga hesabu kwa kijiti kwenye tope, lita 1,380 zimepita juu ya vichwa vyetu tukiwa tumelala. Ulinyamaza, kisha ukauliza: "Nani alizibeba?"

Tangu siku hiyo sikutangaza tena siku zilizobaki. Nilitangaza milimita. Niliingia na namba mezani, mama yako akawa anabashiri kabla sijaitaja, wewe ukawa mwamuzi. Siku isiyonyesha, nikwambie ukweli, tulikuwa tunaona tumepunjwa. Usinielewe vibaya, sikugeuka mtu wa mashambani. Basi lilipoingia mjini na taa za kwanza zikaonekana, nilikuwa nasogea mbele ya kiti kama mtoto.

Nakuja kwenye swali lako la chini. Kurudi mapema si vibaya. Kuna kuondoka kwingine ambako ni kubaya zaidi, mtu ameshaondoka na mwili uko kitini. Kama unahisi hutafika siku ya kumi, mwambie mwenzio leo, usingoje ya nane ukiwa umejaa mpaka shingoni, maana siku hiyo kila utakalosema litasikika kama lawama. Kubalianeni siku. Au uende mji wa karibu siku moja, ukae mahali penye makelele, urudi jioni. Lakini kazi usiisingizie. Nilimwambia mama yako mwaka mmoja kwamba ofisini wananiita. Alinifungia mkoba mwenyewe, akaniwekea na soksi kavu, na alijua. Zile soksi sikuwahi kuzivaa.

Kabla ya hapo muulize mwenzio jambo moja: anapata nini pale. Muulize kwa kutaka kujua, na usimkatize. Mimi nilikaa miaka mingi sijamuuliza mama yako, kwa kuwa nilidhani ninalo jibu, nilidhani atasema mandhari, hewa safi, ndege. Nilipomuuliza alifikiri, halafu akasema: "Hapa hakuna anayenitafuta." Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba kile ninachokililia mimi, watu pande zote na mlango unaogongwa, ndicho alichokuwa anakikimbia yeye kwa siku saba za mwaka. Tulikuwa tunasafiri pamoja kuelekea pande mbili. Baada ya hapo nilipotoka kwenda njia panda nilitoka kwa roho nyepesi, na yeye aliniaga kwa furaha ambayo, nakiri, iliniuma kidogo.

Watoto waache walowe. Wavue, wakauke, walowe tena. Wewe ndiye unayeiona mvua kama kizuizi, wao bado.

Mkebe mtafute leo kabla ya giza. Ukikosa mkebe, chupa ya plastiki haifai, imebana juu. Chombo chochote chenye kuta zilizosimama kinatosha. Namba ya kesho asubuhi nitumie utakapowasha mtandao. Mimi nabashiri 17, mama yako anasema 30, tumewekeana dau la nani ataosha vyombo.

Ningeendelea, ila naitwa nikaanue nguo. Huku nako imeanza.

Baba yako