Kabla Hujanunua Injini Nyingine, Pima Kompresheni

Juzi dada mmoja wa Kisumu aliniandikia: "Kaka, fundi anasema injini imekwisha, nitafute elfu sitini ninunue nyingine. Ni Corolla 110. Asubuhi inatetemeka, na mlimani haivuti. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe wake mara mbili nikaiweka simu chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Nakuru mwaka wa 2019, na nikayaamini.

Langu pia lilikuwa 110, injini ya 5A. Lilinishinda Ijumaa moja jioni nikienda nyumbani Molo, kwenye ule mwinuko ukishapita Salgaa. Gia ya pili, mguu wote kwenye mafuta, na malori yananipita. Fundi niliyempelekea hakupima chochote. Alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaona moshi kidogo, akasema ringi, zile pete za pistoni zinazozuia hewa kuvuja, zimekufa. Nikakopa kwenye chama. Injini na kazi, 65,000. Ile yangu akabaki nayo, eti ni chuma chakavu.

Baada ya miezi miwili nikaikuta ndani ya gari la mtu mwingine. Niliitambua kwa doa la rangi ya kijani nililolimwaga mwenyewe juu ya kifuniko cha valvu nikipaka geti. Mwenye gari akanieleza kwa furaha kwamba aliuziwa kwa bei nzuri, ikabadilishwa valvu moja tu, kilango kidogo cha kupitishia hewa au moshi. Valvu moja! Deni la chama nililipa mwaka mzima. Bado linaniuma, sitaficha.

Wiki hiyo hiyo nikanunua geji ya kompresheni, kipimo cha nguvu ya silinda kubana hewa, ile ya kufungwa kwa uzi kwenye tundu la plagi. Ilikaa kabatini hadi 2022, injini ya pili ilipoanza kutetemeka. Safari hii sikumpigia mtu simu.

Nilipasha injini moto kwanza, nikazima, nikachomoa soketi ya distribyuta ili moto na petroli vikatike, nikatoa plagi zote nne. Mke wangu akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta hadi chini ili hewa iingie vizuri, akapiga stata mizunguko mitano kwa kila silinda. Betri iwe imejaa; stata ikizunguka kwa uchovu, namba zitadanganya. Mshale ukapanda kwa kurukaruka. Silinda zote nne, kwa psi, yaani kipimo cha shinikizo la hewa: 150, 155, 85, 150.

Hapa kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawaambiwi. Kitabu cha injini hii kinataka kama 190 psi, na chini ya 142 haikubaliki. Lakini Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma kama moja ya tano pungufu. Hapa 150 ni afya. Kisumu, iliyo chini zaidi, tarajia kama 165. Fundi akikuonyesha 150 ya Nakuru na kukwambia injini imechoka, amesoma kitabu akasahau mlima. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikipishana zaidi ya psi 14 au 15, hapo pana ugonjwa.

Kwangu mgonjwa alikuwa wa tatu. Nikamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, nikapima tena: 90. Oili huziba ringi kwa muda, kwa hiyo namba ingeruka juu ningejua ni ringi. Haikuruka. Nikaipandisha pistoni ya tatu hadi juu valvu zake zote zikiwa zimefunga, nikatia gia ya nne na breki ya mkono, nikasukuma hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi. Nikapiga magoti nyuma ya gari, sikio kwenye ekzosi. Ssssss. Valvu ya kutolea moshi imeungua. Ningeisikia kwenye njia ya kuingizia hewa, ingekuwa valvu ya kuingizia hewa. Kwenye tundu la oili, ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na hedi, kichwa chake. Hedi ikafunguliwa, valvu ikabadilishwa, nyingine zikasagwa ili zizibe vizuri. Gari lile ninaliendesha hadi leo.

Ndugu zangu, pimeni. Gari la zamani si aibu, na mwenye gari la zamani si mtu wa kuchunwa. Fundi asiye na geji asikwambie habari ya kompresheni, hata awe binamu yako. Na ukikubali kubadilisha injini, ondoka na ile yako ya zamani. Pimeni kwanza, pesa baadaye.

Dada wa Kisumu aliazima geji sokoni Kibuye na jana jioni akanitumia namba zake: 165, 60, 65, 160. Ya pili na ya tatu, majirani, zimeanguka pamoja. Hiyo karibu kila mara ni gasketi iliyopasuka katikati yao. Nimemwambia atazame rejeta kama inatoa mapovu injini ikinguruma. Amejibu asubuhi hii: yanatoka. Hedi inafunguliwa Jumamosi, na yeye atakuwepo.