Wasomaji Wauliza: Charlton Heston Alikuwa wa Upande Gani?

SWALI: Mhariri, salaam. Tulipokuwa wadogo, marehemu baba alikuwa na kanda ya filamu ya Amri Kumi, na kila Pasaka tulijazana sebuleni kumtazama Musa akiipasua bahari kwa fimbo. Hivi karibuni nimesoma kwamba mwigizaji yule, Charlton Heston, aliandamana na akina Martin Luther King kudai haki za Weusi. Kwingine nikasoma kwamba aliongoza chama cha wenye bunduki cha Marekani. Je, ni mtu mmoja? Na wanaosema kwamba maradhi ndiyo yaliyomgeuza, wana hoja? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, ni mtu mmoja, na yote mawili uliyoyasoma ni kweli. Mwaka 1961, akiwa ameshapata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Ben-Hur, alipita katika mitaa ya Oklahoma City amevaa mabango kifuani na mgongoni kupinga ubaguzi wa rangi, moja likiwa na maneno ya Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru wa Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Tarehe 28 Agosti 1963 alikuwa Washington katika maandamano makubwa, pamoja na wasanii wenzake Harry Belafonte, Sidney Poitier na Marlon Brando. Hayo hayakuwa mapambo ya kujipatia sifa, kwani mwigizaji aliyesimama hadharani namna ile alijua kwamba kulikuwa na watazamaji ambao wangemsusa.

Baadaye alihama kutoka chama cha Democratic, na mwaka 1987 akajiandikisha Republican. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba yeye hakubadilika, bali chama ndicho kilichobadilika. Watetezi wake huliongezea jibu hilo kwa kusema kwamba alipigania uhuru wa mtu binafsi siku zote, uwe wa Mweusi kuketi katika mgahawa wowote au wa kumiliki bunduki. Hoja hiyo inavutia, lakini mwaka 1968 unaiangusha. Mwezi Juni mwaka huo, baada ya Seneta Robert Kennedy kuuawa kwa risasi, Heston aliungana na waigizaji wenzake Gregory Peck, James Stewart na Kirk Douglas kutoa tamko la kuunga mkono muswada wa Rais Johnson wa kudhibiti silaha. Katika suala la bunduki, basi, aliyebadilika ni yeye, wala si chama.

Alikuwa rais wa NRA, chama kinachotetea haki ya raia kumiliki silaha, kuanzia 1998 hadi 2003. Mnamo Aprili 1999 wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa katika shule ya Columbine, na siku chache baadaye chama hicho kikakutana Denver, jirani na shule hiyo, ingawa meya wa jiji alikuwa amewaomba wasije. Heston alipanda jukwaani akahutubia. Mwaka uleule, katika Chuo Kikuu cha Harvard, alisimulia kwamba aliwahi kuuambia umati kuwa fahari ya Weupe ni halali sawa na fahari ya Weusi, wakamwita mbaguzi; akajikinga kwa kukumbusha kwamba aliandamana na King. Kwangu mimi hapo ndipo alipojipunguzia heshima: maandamano ya 1963 aliyageuza cheti cha kuonyesha kila anapohojiwa.

Halafu kuna gobori. Mei 2000, katika mkutano wa NRA huko Charlotte, alilinyanyua juu ya kichwa na kutamka, kwa sauti ileile nzito ya Musa, kwamba atakayelitaka atalitoa katika mikono ya Heston mwenyewe, ikiwa imekufa na kupoa. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na anayeijua filamu ile hawezi kuacha kuiona fimbo.

Kuhusu maradhi, tarehe hazikubali. Alitangaza dalili za ugonjwa wa Alzheimer, unaofifisha kumbukumbu na akili, mnamo Agosti 2002, miaka 15 baada ya kuhama chama na zaidi ya miaka miwili baada ya hotuba ya Charlotte. Aliyoyasema aliyasema akiwa na akili zake timamu, kama alivyokuwa nazo kule Oklahoma City.