Bakuli la magazeti kwa watoto wa likizo

Dada, umeuliza utawashughulisha vipi watoto wako, wa miaka 4 na 7, likizo hii ya Agosti, ndani ya nyumba ya ghorofa mtaani Umoja, Nairobi, na rundo la magazeti ya zamani. Anza na bakuli la karatasi.

Gundi usinunue. Koroga kikombe cha unga wa ngano kwa maji baridi hadi madonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Tia kijiko cha chumvi isiote ukungu haraka, na ipoe kabisa kabla hawajaigusa.

Watoto wachane magazeti kwa mikono, si kwa makasi. Kurasa nyingi za gazeti huchanika kwa mstari ulionyooka ukivuta kutoka juu kwenda chini. Ukivuta kwa upande, zinakwenda ovyo. Mwonyeshe mkubwa tofauti hiyo, ataipenda. Mdogo akitaka kuchana tu, mwache achane, hiyo ni kazi nzuri ya vidole vyake.

Bakuli la plastiki ndilo kalibu: lipakeni mafuta ya kujipaka upande wa nje, kisha mbandike juu yake vipande vilivyochovywa kwenye gundi, tabaka mbili kwa siku, zisizidi. Kwa baridi hii ya Nairobi, mkirundika zote pamoja ndani hubaki mbichi na kunuka. Anikeni kwenye roshani. Bakuli la karatasi likikauka, livueni kwenye lile la plastiki, kisha lipakeni rangi nyeupe kwanza, la sivyo maandishi yatajitokeza. Likipinda, nakuomba usiwanyoshee.