Maswali ya Wasomaji: Tajiri Aliyeshika Kazi

SWALI: Mhariri, salaamu. Mimi ni mchonga milango wa Langoni, Lamu. Mgeni mmoja alinisimamia nikichonga, akanitajia Mwingereza aitwaye William Morris ambaye, kwa maneno yake, alikuwa mshairi, mfumaji, mpiga chapa na mtetezi wa wafanyakazi. Je, kazi hizo alizifanya mwenyewe, au aliwaamuru wengine? Na mwenye kampuni kama yeye huwateteaje wafanyakazi?

JIBU: Waalaikumu salaam, fundi. Tajiri alikuwa: alizaliwa mwaka 1834 Walthamstow, karibu na London, na hisa za babake katika machimbo ya shaba zilimpa kipato cha kuishi bila kugusa chombo chochote cha kazi. Hata hivyo, kazi aliyotaka kuiuza alijifunza kwanza kwa mikono yake. Mwaka 1879 aliweka kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, chumbani mwake mwa kulala, na pazia moja la ukutani likamla saa 516, ambazo alizihesabu katika daftari. Alipoamua kufufua rangi za mimea, wakati viwanda vilikuwa vimezikimbilia za kemikali, alichovya mikono katika mapipa ya nili hadi ikawa buluu. Kitambaa chake cha mwaka 1883, chenye ndege wanaoiba stroberi, kilitiwa nili chote, kisha nili ikaondolewa palipo na ndege na matunda ili nyekundu na manjano zipate pa kukaa. Nanyi wachonga milango pia hufika kwenye ua la nakshi kwa kuondoa ubao.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Mwaka huohuo wa 1883 alijiunga na chama cha kisoshalisti, akawa anahutubia barabarani kwamba kazi isiyompa fundi furaha ni utumwa. Lakini kitu cha mkono, kikifumwa polepole kwa rangi ya kweli, huwa ghali, na walioyamudu mazulia yake walikuwa matajiri walewale aliowashutumu. Jambo hilo lilimkera mwenyewe. Katika karakana zake za Merton Abbey aliwagawia faida baadhi ya wasaidizi wake wakuu, si wote, na kwa maoni yangu fumbo hilo hakulifumbua hadi alipofariki mwaka 1896. Mgeni wako akirudi kumsifu Morris, mtajie kwanza bei ya mlango wa bambakofi wenye nakshi pande zote, umtazame uso.