Tulivyotoka ofisini saa tisa na nusu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Sisi wazima, hofu ni kwako tu, na safari hii siyasemi hayo kwa mazoea. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili. Unasema una barua pepe 3,412 ambazo hujazifungua, kalenda imejaa vikao mpaka saa ya chakula, na jioni unajibu barua ukiwa umesimama kwenye mwendokasi ya kurudi Kimara. Halafu ukauliza: "Mama, ninyi mliwezaje kutoka ofisini saa tisa na nusu na kazi imeisha?"

Kwanza, haikuwa imeisha. Ilikuwa imefungiwa kabatini, na kabati halikutufuata nyumbani.

Pili, kati ya barua na mkuu wangu walikuwepo watu watatu, mimi mhazili wake nikiwa wa mwisho. Tarishi alileta mfuko kutoka Posta mnamo saa tatu asubuhi. Karani wa masjala akafungua bahasha, akagonga muhuri wa kupokelea, akaandika kwenye rejista, akatafuta faili lake, akaitia barua humo na kuipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, kwa wino mwekundu. Ndipo faili likapanda juu kwangu, nami nikapanga: ya kusaini juu, ya kusoma tu chini, na zile za "naomba kuonana na wewe" nazijibu mwenyewe. Mkuu akifungua faili anaikuta barua ya leo imelala juu ya barua zote za nyuma, na upande wa kushoto madokezo ya nani alisema nini. Hakuna barua iliyofika mezani kwake ikiwa uchi.

Zako zinafika uchi zote, mchana kutwa. Wewe ndiye tarishi, ndiye masjala, ndiye mimi, na ndiye mkuu. Usishangae ukichoka kabla hujafanya lile uliloajiriwa kulifanya.

Kisha kuna nakala. Uliponieleza kwamba nusu ya barua zako umewekewa tu nakala, nilicheka peke yangu jikoni. Zile herufi mbili, CC, ni kifupi cha "carbon copy", nakala ya karatasi ya kaboni. Nilipojifunza kupiga chapa pale Chuo cha Uhazili Tabora, nakala ilikuwa jasho. Unapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, unaziingiza kwenye mashine, unagonga kwa nguvu ili na ya mwisho isomeke. Ya nne ilikuwa kama kivuli. Ukikosea herufi moja unafuta kwenye zote. Kwa hiyo bosi akisema "nakala kwa fulani", nilimuuliza: fulani huyu ataifanyia nini? Mara nyingi alifikiri kidogo, akalifuta jina. Leo kuongeza watu 30 hakumuumizi mtu kidole, na uzito wa ile kaboni umehamia kwako unayesoma. Nakala si kazi yako mpaka jina lako liwe limetajwa ndani. Ziwekee folda yake, uzipitie Ijumaa, na usizionee aibu.

Na huyo jirani yako wa meza anayekutumia barua pepe wakati anakuona? Nduguyo ameniambia kwamba Ray Tomlinson, Mmarekani aliyetuma barua pepe ya kwanza ya mtandao mwaka 1971, aliituma kati ya kompyuta mbili zilizokaa bega kwa bega. Basi jirani yako ni wa ukoo ule. Inuka umwendee.

Sasa lile ninalotaka ulishike zaidi. Faili lililokuwa likisubiri jambo hatukuliacha mezani litutazame. Tuliandika juu yake B.U. na tarehe, herufi tulizorithi kwa Waingereza, maana yake lirudishwe siku hiyo. Masjala walikuwa na daftari la tarehe hizo, na siku ikifika faili linakuja lenyewe. Hapo katikati hulifikirii kabisa. Kwenye barua pepe yako kuna kitufe cha kuahirisha kinachofanya vilevile, nduguyo amenionyesha. Barua inatoka mbele ya macho, inarudi Jumanne saa mbili.

Ila nikuambie na ubaya wake, maana niliwahi kuumiza mtu. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja niliandika B.U. 12/1, na moja yangu ikasomwa saba. Lilikuwa faili la mwalimu mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo. Likalala miezi sita. Alipokuja alikaa kwenye benchi, kofia ameiweka gotini, wala hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Nilidhani mmekataa, mama." Tangu siku ile sikuandika B.U. bila kwanza kumpigia chapa mwenye barua mistari miwili: barua yako imepokelewa, tutakujibu ifikapo tarehe fulani. Na wewe usiahirishe kimya kimya. Anayesubiri akijua tarehe, hakuandikii tena kukukumbusha, na hapo umejipunguzia barua mbili.

Kuhusu kalenda: kitabu cha miadi cha mkuu nilikishika mimi, na saa mbili hadi saa nne niliandika neno moja tu, "Mafaili". Mgeni akija namwambia mkuu ana mafaili, asubiri. Wengine walinuna wakidhani nawadanganya. Lakini zile saa mbili ndizo zilizotutoa tisa na nusu. Andika na wewe "Mafaili" kwenye kalenda yako, kila asubuhi, kabla watu hawajakuwekea vikao. Fungua barua pepe saa nne, saa saba, na saa tisa. Arifa zizime. La dharura watapiga simu, na utashangaa ni machache.

Umenitajia sheria ya Ufaransa ya tangu 2017, ya mfanyakazi kutosumbuliwa nje ya saa za kazi. Nijuavyo, inazitaka kampuni zenye watu 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao. Kujadiliana hakuhitaji Ufaransa. Mwendee bosi wako na orodha ya kazi zako kwenye karatasi, umwambie: hizi nne zote nimeambiwa ni za wiki hii, nianze na ipi? Usimwambie umechoka, kila mtu amechoka. Mwache achague yeye. Akikataa kuchagua, chagua wewe na umwandikie ulichochagua. Dokezo lilitulinda wengi.

Sikwambii zamani kulikuwa peponi. Watu walirudishwa kwa "faili halionekani" mpaka wakakata tamaa, na faili lenyewe lilikuwa chini ya kiti cha mtu.

Muhogo wa nyuma ya nyumba umekomaa, na baba yako anataka kuung'oa wote kwa pupa zake. Nimemzuia. Uliahidi kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwenye kalenda ya jikoni nimeandika B.U. kwa wino mwekundu, saba na moja zangu siku hizi nazitofautisha vizuri.

Ni mimi, mama yako.